Chuma cha Dirishani

Kitengela
Jumamosi, 6 Januari 2007

Kwa Nafula, binti yangu,

Umeenda Embulbul kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hujanywa chai mara mbili. Kwa hiyo alasiri hii ni yangu peke yangu. Nimefunga gereji mapema, nimenawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikawasha, na nimeketi kwenye meza ya mama yako ya kushonea. Cherehani niliisukuma kando kidogo. Sikuiondoa.

Mambo ya sweta, ya kufunga sanduku, ya wavulana na ya kanisa, shangazi atakuwa ameyamaliza yote. Mimi niko na jambo moja tu, na nimechoka kulibeba. Tangu barua ya chuo cha uuguzi ifike nimejaribu kukuambia kwa mdomo, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula. Kesho asubuhi unaondoka, kwa hiyo nimeona niandike.

Ni juu ya ile magneto ya Mzee Kamau.

Najua hulipendi jina hilo. Tangu ulipokuwa na miaka kumi na moja hatujalitaja katika nyumba hii. Lakini vumilia unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu yako mambo unayoyajua na yako usiyoyajua, na yale usiyoyajua nimeyajua mimi muda wote huu.

Unalikumbuka lile gari. Mzee Kamau alilivuta na trekta kutoka shambani kwake Isinya, likapita hapa barabarani watoto wa ploti nzima wakilifuata. Magurudumu yana spoki kama ya baiskeli, taa mbili za shaba kubwa kama sufuria. Mama yako alikuwa ameketi nje na blanketi miguuni, maana tayari alikuwa ameanza kuugua. Akaliangalia, akaniambia, "Baba Nafula, hilo gari lina umri wa nyanya yangu, na nyanya yangu aliacha kutembea zamani."

Mzee Kamau akacheka. Akasema, "Mama, hili litatembea. Mumeo ametoka kuniahidi."

Na kweli nilikuwa nimemwahidi, kwa sababu alinieleza habari za baba yake, yule ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Guka aliosha gari lile miaka ishirini na kitu, kwa mzungu mmoja kule juu Limuru. Aliliosha kila asubuhi, na hakuruhusiwa hata siku moja kuketi ndani. Mzungu alipoondoka nchini aliliacha bandani, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, likabaki kwa Guka. Sasa Guka alikuwa amepita miaka tisini, na Mzee Kamau alitaka jambo moja tu: baba yake aketi kiti cha mbele, gari lingurume, wazunguke shamba mara moja.

Gari halikuwa na shida kubwa isipokuwa cheche. Magari ya zamani vile hayatumii betri. Cheche inatoka kwa magneto. Ndani yake mna sumaku nzito iliyopinda kama mpini wa ndoo, na katikati ya miguu ya sumaku inazunguka rota iliyosukwa waya mwembamba kama unywele. Mafundi wa Kitengela hawakuwa wameiona. Mimi nilikuwa nimeiona mara moja, nikiwa kijana ninajifunza kazi Nakuru, na mwalimu wangu alinionya mambo mawili. La kwanza, toa kaboni, kile kijiti cheusi kinachopokea umeme, kabla ya kuvuta rota, la sivyo utavunja pete ya rota. La pili, unapochomoa rota, weka kipande cha chuma kutoka mguu mmoja wa sumaku hadi mwingine, ukifunge hapo. Sumaku za zamani zikiachwa wazi bila chuma kati ya miguu yake zinapoteza nguvu.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe uliandika lebo. Nilikupa viberiti vitupu, nawe ukaandika kwa mwandiko wako wa shule, "Skrubu za nyuma, nne." "Springi ndogo, USIPOTEZE." Ulibandika kwa uji. Ninavyo bado, Nafula, viko kwenye debe la misumari. Ulikuwa na mikono mizuri. Nilikuwa nikikupa kitu kidogo ukishike, na hakikuanguka.

Na ule mchezo wako wa mkasi. Ulichukua mkasi mkubwa wa mama yako wa kukatia yunifomu, ukaugusisha kwa sumaku, ukauachilia, ukaning'inia hapo. Ukamwita mama yako aje aone. Naye akasema kutoka kitandani, "Rudisha mkasi wangu kabla haujaolewa na hilo dude."

Siku niliyochomoa rota ilikuwa Alhamisi. Wewe ulikuwa shuleni. Nilikuwa nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, kirefu kama kidole changu cha kati, cha kufungia kile chuma. Nilikitia mfuko wa ovaroli. Chuma chenyewe kilikuwa mezani upande wa kushoto. Kila kitu kilikuwa tayari.

Mama yako akaniita. Nikamwambia, "Nakuja."

Akaniita tena. Nikamwambia, "Ngoja kidogo tu, nachomoa."

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata shangazi yako hajui. Aliniita mara mbili, na mimi nilikuwa na rota mkononi, nusu ndani nusu nje, nikafikiria kwamba nikiiacha hapo itakwaruza. Kisha nikasikia Mama Shiro wa jirani akipiga kelele, "Baba Nafula! Kuja haraka, mama ameanguka!" Nikavuta rota yote kwa mara moja, nikaiweka juu ya gunia, nikakimbia. Sikushika chuma. Sikukifikiria chuma.

Nilimkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango. Alikuwa anakuja kunitafuta.

Tulimrudisha kitandani. Ulipotoka shule alikuwa amepata nafuu kidogo, akakuomba hewa. Dirisha lile lilikuwa limevunjika kishikio, likifunguliwa linajifunga. Ukaenda gerejini ukarudi na kile chuma, ukalitegemeza dirisha nacho. Mama yako akalala akiwa anaangalia nje, kule ambako wakati ule hakukuwa na nyumba, pundamilia wakija mpaka karibu na waya. Huo ndio ulikuwa usiku wake wa mwisho katika nyumba hii. Asubuhi tukampeleka hospitali, na baada ya siku kumi na moja tulikuwa njiani kwenda nyumbani Bungoma kumzika.

Tuliporudi nilikuwa kama mtu aliyemwagwa. Lakini Mzee Kamau alikuwa amekuja mara mbili kuuliza, kwa upole, kwa sababu Guka alikuwa ameanza kukataa chakula. Nikarudi kwa magneto. Wewe ukanifuata. Ukachukua mkasi wa mama yako, ukaugusisha kwa sumaku, ukauachilia.

Ukaanguka.

Niliuona uso wako. Sidhani ulikuwa unafikiria magneto. Nadhani uliona kwamba kila kitu cha mama yako kinaanguka. Ilinipasa nikushike hapo. Badala yake nikaangalia mezani, sikuona chuma, nikaingia nyumbani nikakikuta dirishani. Nikauliza, "Nani ametoa hiki?"

Ukasema, "Ni mimi, baba. Mama alitaka hewa."

"Ulikitoa kwa sumaku?"

"Hapana, baba. Kilikuwa kwa meza. Hakikuwa kwa mashine."

Nami nikakwambia, "Usibishane na mimi."

Maneno hayo matatu. Nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyosikia jina langu.

Niliifunga magneto hivyohivyo nikitumaini. Tukaenda Isinya, mimi na wewe, kwa sababu sikuwa na wa kukuachia. Guka alikuwa ametolewa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi jekundu alilopewa na jirani zake Wamaasai, kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi. Alikuwa amevaa kwa safari. Nikazungusha hendeli mpaka mikono ikatetemeka. Cheche ilikuwa hafifu mno, hata kwenye kivuli hukuiona. Gari halikukohoa hata mara moja. Watu wa boma walikuwa wamekusanyika, na kijana mmoja akasema kwa sauti, "Huyu fundi ni wa magari ama ni wa redio?" Wakacheka.

Mzee Kamau akaniuliza polepole, "Shida ni gani, fundi?"

Nikasema, "Mtoto alichezea."

Wewe ulikuwa umesimama karibu na taa ya shaba. Nikakuita, nikakwambia uombe msamaha. Ukasogea mbele ya Guka, ukaweka mikono nyuma, ukasema, "Pole, Guka."

Guka akakuangalia, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Lete mkono." Hukutoa mkono. Akasema, "Mimi pia nilikuwa nakatazwa. Shika taa. Haiumi." Akauvuta mkono wako mwenyewe akauweka juu ya shaba. Uliuacha hapo kama sekunde moja, kisha ukaurudisha nyuma.

Haukutoka tena huko nyuma, mwanangu.

Wiki iliyofuata niliibeba ile sumaku mpaka Nairobi, kwa mzee mmoja anayesuka mota za umeme, ambaye niliambiwa anajua kuirudishia nguvu. Akaigeuza mikononi, akaniuliza, "Ulichomoa bila chuma?"

Nikasema, "Kilikuwepo. Mtoto alikitoa baadaye."

Akasema, "Ulikifunga na nini?"

"Na mpira wa tyubu."

"Na mtoto akaufungua mpira?" Hakuniangalia. Alikuwa anasafisha sumaku kwa kitambaa. "Sawa. Lakini hii ilikufa pale pale ilipochomolewa. Kuja Ijumaa."

Nilikuwa nimevaa ile ovaroli. Tangu Alhamisi ile ilikuwa imening'inia msumarini. Nikiwa nangoja gari la kurudi, nikatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti, nikakuta kipande cha tyubu. Kimenyooka, hakijavutwa, hakina alama ya fundo. Nilikishika pale kando ya barabara mpaka gari la kwanza likaniacha.

Kwa hiyo nilijua. Sikuanza kujua mwaka jana, wala ulipomaliza shule. Nilijua wiki ya pili baada ya kutoka mazishini. Ulisema kweli: kilikuwa kwa meza.

Nilifika nyumbani nikiwa na nia ya kukuambia. Ulikuwa unaosha sufuria, umesimama juu ya mtungi uliopinduliwa ili ufikie karai. Nikasema, "Nafula." Ukasema, "Naam, baba." Nikauliza, "Umekula?" Ukasema ndiyo. Nikaingia ndani.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza nikiwa chini ya magari ya watu, nikiwa kanisani, nikiwa nalipaka rangi kaburi la mama yako. Nikianza na chuma, ilibidi nieleze kwa nini nilikisahau. Na nikieleza kwa nini nilikisahau, ilibidi nifike pale alipoita mara mbili. Ilikuwa rahisi kuacha liwe la mtoto. Mtoto husahau, nilijiambia. Sisi mafundi tuna tabia hiyo. Kitu kikiharibika mkononi mwetu tunatafuta mtu ambaye hawezi kujibu: aliyekishika kabla yetu, au dereva, au mtoto. Tunasema hata kabla ya kufikiri. Kisha mteja anaitikia kwa kichwa, na neno linakuwa kweli.

Ile sumaku ilirudishiwa nguvu. Gari liliwaka mwezi uliofuata, mzunguko wa tatu wa hendeli, likatoa moshi mweusi na mlio mzuri sana. Lakini Guka alikuwa amezikwa siku tisa kabla. Mzee Kamau aliliendesha mara moja kuzunguka shamba, kiti cha mbele kikiwa na kofia ya baba yake. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Basi." Na hilo pia, Nafula, uliliweka kwako. Nilikusikia siku moja ukimwambia Shiro, mkiwa mnafua, "Mimi niliharibu kitu, na mzee akakufa akingoja." Ulisema kama mtu anavyosema amezaliwa wapi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikarudi gerejini kwa kunyata.

Hukuingia gerejini tena. Ukiniletea chai uliiweka kizingitini. Shangazi yako alikusifu, "Huyu mtoto ana adabu, hagusi kitu cha mtu." Wote wanaiona adabu. Mimi peke yangu nilijua ni nini.

Siku ile ya juzi tulipoenda kununua sanduku, muuzaji alikwambia, "Shika usikie uzito, siste." Ukanitazama mimi kwanza. Una miaka kumi na minane, unakwenda kusomea kazi ambayo yote ni mikono, na ulinitazama uone kama unaruhusiwa kushika sanduku lako mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikikuacha uondoke na kimya changu, utafika kwa mgonjwa wa kwanza na mikono iko nyuma. Utajua la kufanya, na utangoja mtu mwingine alifanye.

Mikono yako haijawahi kuharibu kitu. Mikono yako ilimpa mama yako hewa usiku wake wa mwisho nyumbani. Mimi nilikuwa na chuma hicho kwa kazi ya gari. Wewe ulikipatia kazi iliyofaa zaidi. Mama yako alisema hivyo, karibu na maneno hayo. Hospitalini, siku ya tatu au ya nne, aliniuliza kama dirisha lilifungwa. Nikamwambia bado liko wazi. Akasema, "Nafula ni fundi kuliko wewe." Nilifikiri ni utani wake wa kawaida. Hilo pia nilikunyima.

Sina ushauri mwingi. Niko na miaka hamsini na tatu na magoti yanauma, na mambo niliyojifunza ni machache kwa jinsi nilivyochelewa kuyajifunza. Huko wodini utakosea siku moja, kila mtu hukosea. Sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kuna mwanafunzi mdogo pale ambaye wangemwamini kuwa ndiye. Siku ya kwanza ni neno tu, linasemeka. Mimi niliacha likae mpaka likashika kutu, na nimelifungua leo kwa kulilazimisha, na sijui limevunja nini ndani. Na mtu akikuita mara mbili, weka chini ulichoshika. Hata kama kitakwaruza.

Sikuombi unisamehe kufikia kesho asubuhi. Ndiyo maana barua hii naiweka chini ya sweta, uikute ukiwa umefika, usilazimike kuniangalia usoni kwenye kituo. Ukitaka kukasirika, kasirika. Uliambiwa usibishane na mimi. Sasa nakuruhusu, bishana. Niandikie unibishie. Nitasoma kila neno.

Ndani ya bahasha utakuta kile kipande cha tyubu. Kimekauka sasa, kimepasuka pembeni, lakini utaona hakina alama ya fundo. Nilitaka uwe na kitu unachoweza kukishika, usitegemee neno langu, maana neno langu lilikudanganya. Mkasi wa mama yako pia nimeutia sandukuni. Niliunoa leo asubuhi. Kile chuma sikukupa. Kipo dirishani bado, na dirisha liko wazi ninapoandika, na malori ya mawe yanapita yakitia vumbi kwenye karatasi hii. Sijawahi kulitengeneza lile dirisha, ingawa mimi ni fundi. Sasa labda unajua kwa nini.

Nasikia mbwa wa Mama Shiro anabweka, pengine ni wewe unakuja. Nitakuuliza kama umekula, nawe ukishasoma barua hii utajua nilikuwa nataka kusema nini.

Siku utakapomshika mgonjwa wako wa kwanza, kabla hujamtazama mtu yeyote kuomba ruhusa, nikumbuke.

Baba yako